Kipeo tasa si dhamana

Vijana wa masomo ya ziada Chake Chake wanarithishana kanuni moja: chukua namba tasa yoyote (isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe), ifanye kipeo cha 2, kisha toa 1, utapata namba tasa nyengine.

Mwanzoni inakubali. Kipeo 2 kinatoa 3, kipeo 3 kinatoa 7 (2 mara 2 mara 2 ni 8, toa 1), kipeo 5 kinatoa 31, kipeo 7 kinatoa 127. Zote tasa, na hapo ndipo wengi huweka kalamu chini. Wangesogea hatua moja tu: kipeo 11 kinatoa 2047, nayo ni 23 mara 89. Hakikisha kwa mkono: 23 mara 90 ni 2070, ukitoa 23 unabaki na 2047.

Hata mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne, katika orodha yake ya mwaka 1644 ya vipeo vinavyotoa namba tasa, alikiingiza kipeo 67 kimakosa. Mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alionesha kuwa namba inayotokana na kipeo hicho ni 193,707,721 mara 761,838,257,287. Bila kompyuta! Subira hiyo mimi sina.

Kilicho kweli ni upande wa pili: kipeo kisipokuwa tasa, jibu halitakuwa tasa kamwe. Kipeo 6, kwa mfano, kinatoa 63, yaani 7 mara 9. Kwa hiyo kipeo tasa kinaipa namba nafasi ya kupimwa tu. Ile yenye kipeo 136,279,841, iliyotangazwa Oktoba 2024 ikiwa na tarakimu 41,024,320, nayo ilibidi ipimwe kwa kompyuta kabla ya kuitwa tasa.