Maana ya Kichwa cha Tasnifu

Katika mtihani wa fasihi nchini Kenya, mwanafunzi wa sekondari huweza kuambiwa ajadili ufaafu wa anwani ya riwaya: je, jina hilo linaoana na yaliyomo ndani? Akifika chuo kikuu na kuanza kuandika kazi yake mwenyewe, swali hilohilo ndilo analopaswa kujiuliza. Inasikitisha kuona linavyosahaulika.

Kichwa cha tasnifu, yaani cha kazi ndefu ya utafiti inayoandikwa chuoni, ni maneno machache yanayomwambia msomaji ni jambo gani limechunguzwa, kwa nani au katika matini ipi, na kwa mipaka gani. Mada ni kitu kingine. Lugha ya vijana ni mada, na watu mia wanaweza kuiandikia. Kichwa ni cha kazi moja tu.

Chukua kichwa hiki: “Lugha ya Makondakta.” Msimamizi atakirudisha, na ana haki. Makondakta wa wapi? Lugha kwa upande upi: matamshi, msamiati, au adabu kwa abiria? Mwanafunzi anakirefusha: “Uchunguzi Kuhusu Lugha Inayotumiwa na Makondakta wa Daladala Nchini Tanzania.” Maneno yameongezeka, ubora haujaongezeka. Kila tasnifu ni uchunguzi, kwa hiyo “uchunguzi kuhusu” ni mzigo. Nayo “nchini Tanzania” inaahidi Mwanza, Arusha na Mbeya, ilhali data yote imekusanywa Dar es Salaam. Sasa soma hiki: “Upanuzi wa Maana katika Msamiati wa Makondakta wa Daladala, Njia ya Mbagala–Kariakoo.” Hapa kila neno lina kazi, na kila neno linadai kujibiwa ndani. Kama sura ya matokeo imejaa maneno ya kukopa badala ya maneno ya zamani yaliyopewa maana mpya, basi kichwa kimepotoka na lazima kibadilike. Mweleze msimamizi mapema, maana kichwa kilichokwisha kupitishwa kwenye pendekezo la utafiti mara nyingi hakibadilishwi bila ruhusa.

Kuhusu urefu, toleo la 6 la mwongozo wa uandishi wa APA (Chama cha Saikolojia cha Marekani), la mwaka 2009, lilipendekeza kichwa kisizidi maneno 12. Toleo la 7 liliondoa idadi hiyo, likabaki kusisitiza ufupi. Kwa Kiswahili mimi ningehesabu kwanza viunganifu. “Athari za Matumizi ya Mbinu za Ufundishaji wa Stadi za Kusoma” kina za, ya, za, wa, za. Msomaji anachoka kabla hajajua kinahusu nini. “Mbinu za Kufundisha Kusoma na Athari Zake” kinasema jambo lilelile kwa pumzi moja.

Lakini hata kichwa kifupi kinaweza kudai kisichokuwepo, na neno linaloponza wengi ni hilo “athari”. Ukiandika “Athari za Simu kwa Ufaulu wa Wanafunzi”, umedai kwamba simu ndiyo iliyosababisha alama kupanda au kushuka. Hojaji iliyojazwa mara moja darasani haiwezi kuthibitisha hilo. Huenda wanaoshinda kwenye simu walikuwa wameshakata tamaa na masomo tangu awali. Kwa data ya namna hiyo, andika “Uhusiano kati ya Matumizi ya Simu na Ufaulu”, kisha taja kidato na wilaya.