Je, wajua kwa nini boti ya tani 60 iliweza kuzamisha manowari?

Tarehe 21 Oktoba 1967, manowari Eilat ya Israeli ilikuwa ikifanya doria baharini mbele ya Port Said, Misri. Ilikuwa meli ya tani 1,700 hivi, iliyojengwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jioni hiyo boti za Kimisri aina ya Komar, zikiwa bado ndani ya bandari, zilifyatua makombora. Eilat ikazama, na mabaharia 47 wakafa. Kwa mara ya kwanza meli ya kivita ilikuwa imezamishwa na makombora yaliyorushwa kutoka meli nyingine, tena kutoka boti ndogo za mbao zenye tani 60 na ushee.

Iliwezekanaje? Jibu liko katika tofauti ya mzinga na kombora. Mzinga unaposukuma risasi mbele, nguvu ileile huusukuma wenyewe nyuma, na meli nzima lazima ihimili kishindo hicho. Ndiyo maana mizinga mikubwa ilidai meli kubwa. Mtutu mmoja tu wa manowari za Marekani aina ya Iowa ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani 100, yaani ulizidi Komar nzima pamoja na mabaharia na mafuta yake. Kombora halihitaji mtutu. Lina injini yake lenyewe na hujisukuma likiwa angani. Kazi ya boti ni kulibeba, kulielekeza na kustahimili moto wake kwa sekunde chache. Naona hili ndilo badiliko kubwa la vita vya majini katika karne ya 20, kwa sababu lilivunja uhusiano wa ukubwa wa meli na ukali wa silaha yake.

Itazame Komar kwa karibu. Urefu wake ni mita 25 hivi, bodi yake ni ya boti ya torpedo (kombora liendalo chini ya maji), na injini zake za dizeli huipeleka zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Mabaharia hawazidi 20. Kwenye sitaha, upande wa kulia na wa kushoto, kuna vibanda viwili vilivyo wazi kuelekea omo, na ndani ya kila kimoja kombora la P-15 lenye uzito wa zaidi ya tani mbili. Roketi ndogo iliyofungwa chini ya tumbo la kombora hulitoa kibandani, kisha hudondoka baharini. Hapo injini kuu, inayotumia mafuta ya kimiminika yenye sumu, hushika kazi. Likikaribia shabaha, rada iliyo puani huwashwa na kuitafuta meli yenyewe. Kichwani kuna karibu nusu tani ya baruti.

Lakini boti hii ina tatizo la macho. Mlingoti wake ni mfupi, na dunia ni duara: rada ikiwa mita 10 juu ya maji, meli iliyo mbali zaidi ya kilomita 30 hivi hujificha nyuma ya upeo wa macho. Kombora lenyewe lafika kilomita 40. Tumbo la mafuta la boti nalo ni dogo. Desemba 1971, India ilipopeleka boti tatu aina ya Osa, ndugu wakubwa wa Komar, kushambulia bandari ya Karachi, Pakistani, ilibidi zivutwe kwa kamba sehemu ya safari, huku meli kubwa zaidi zikizisindikiza. Usiku wa tarehe 4 zilizamisha manowari Khaibar ya Pakistani na meli ya kufagia mabomu, Muhafiz.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 1973, likaonekana jambo jingine. Mbele ya Latakia, boti za Syria zilikutana na boti za Israeli ambazo makombora yake, Gabriel, yalifika takriban nusu tu ya masafa ya P-15. Wasyria walirusha kwanza. Waisraeli wakavuruga rada za makombora hayo kwa mawimbi ya redio na kwa mawingu ya nyuzi za metali, yote yakakosa, nao wakasogea hadi umbali wa Gabriel na kuzizamisha meli za Syria.

Tangu hapo boti zikaanza kunenepa, maana mitambo ya udanganyifu, rada bora, mizinga ya kujilinda na vyumba vya mabaharia vinadai nafasi. Oman ilinunua Uingereza boti za aina ya Dhofar, zenye urefu wa mita 56 hivi na makombora ya Exocet. Kenya nayo, mwishoni mwa miaka ya 1980, ilipokea KNS Nyayo na KNS Umoja kutoka kampuni ileile iliyojenga za Oman, Vosper Thornycroft, zikiwa na makombora ya Otomat. Kwa Bahari ya Hindi urefu huo una maana: msimu wa kusi, boti ya mita 25 huruka mno juu ya mawimbi hata kulenga kukawa shida.

Adui ambaye boti hizi hazijampatia dawa vizuri ni helikopta. Mwaka 1991, kaskazini mwa Ghuba, helikopta za Lynx za Uingereza zilizipiga boti za Iraki kwa makombora madogo ya Sea Skua, zikiwa mbali kuliko mizinga ya boti ilivyoweza kufika. Kombora hilo lina uzito wa kilo 145 hivi tu. Kwa meli kubwa lingekuwa jeraha. Kwa boti nyembamba iliyojaa mafuta na baruti, moja liliweza kutosha.