Je, wajua kwa nini mikoko ya Gazi ilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa?

Mwaka 2017, Mikoko Pamoja, kikundi cha wanavijiji wa Gazi na Makongeni katika kaunti ya Kwale nchini Kenya, kilikuwa miongoni mwa washindi 15 wa Tuzo ya Ikweta. Tuzo hii hutolewa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) tangu 2002 kwa jamii zinazolinda maliasili zao na papo hapo kujikwamua kimaisha. Ukiuona msitu wenyewe, utashangaa kidogo. Sehemu wanayoisimamia ni hekta 117 tu. Lamu peke yake ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na ukivuka kwenda delta ya Rufiji, Tanzania, kuna msitu ambao mikoko ya Gazi ingepotea ndani yake usiione. Basi kwa nini Gazi?

Kwa sababu Gazi wanaweza kukuonyesha, kwa namba na kwa karatasi, msitu wao ulikuwa na hali gani, leo ukoje, nani anaulinda, fedha gani imeingia kwa ajili yake na imenunua nini. Pwani hii ina watunza mikoko wengi wazuri. Wenye uthibitisho ni wachache, na uthibitisho huo una gharama yake, kuanzia tope.

Ingia mikokoni maji yakiwa yamepwa, kanyaga mpaka tope likufike vifundoni, utasikia harufu ya yai viza. Hiyo ni gesi yenye salfa inayotolewa na vijidudu vinavyoishi pasipo oksijeni. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, tope halikauki, hewa haipenyi. Jani likianguka au mzizi ukifa humo, hauozi upesi kama ungeoza shambani. Unafukiwa, na kaboni yake inafukiwa nao, kisha tope jingine linatua juu. Ndiyo sababu hekta moja ya mikoko, ukihesabu na udongo wake, inaweza kuwa na kaboni mara tatu hadi tano ya hekta ya msitu wa nchi kavu wa ukanda huuhuu wa joto. Ukikata miti, jua na hewa vinalifikia tope, na kilicholala humo kwa mamia ya miaka kinaanza kurudi angani. Hasara inaendelea muda mrefu baada ya boriti kubebwa.

Na boriti zimebebwa tangu zamani. Watu wa mwambao wana majina ya miti ya mikoko kwa unene wake: fito ndizo nyembamba kabisa, zikifuatiwa na pau, mazio, boriti, nguzo, halafu banaa, na huuzwa kwa korija, yaani miti ishirini. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni vyembamba kwa sababu dari lilitegemea urefu wa boriti. Majahazi yalizipeleka mpaka Ghuba ya Uajemi. Lakini kilichoiumiza Gazi zaidi kilikuja miaka ya 1970, mikoko ilipokatwa kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Vikabaki vipara. Mawimbi yakaleta mchanga mahali penye tope, na mbegu zilizoletwa na maji hazikushika.

Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), ambayo ina kituo palepale Gazi, ilianza kupanda upya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo mradi wa Mikoko Pamoja wa kuuza hati za kaboni ulipozinduliwa 2013, kulikuwa tayari na karibu miaka ishirini ya vipimo. Hapa ndipo wengi wanaotaka kuiga Gazi huruka. Huanza na mnunuzi wa kaboni wakati hawana hata kipimo kimoja cha miti yao.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mitambo. Hutandazwa kamba kufanya mraba wa mita 10 kwa 10, kila mti ndani yake hutajwa aina yake na kupimwa kipenyo. Kwa mchu au mlilana, ambazo ni aina mbili za mikoko, kipimo huchukuliwa mita 1.3 kutoka chini. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojipinda kama magoti, una kanuni yake: hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Asiyejua hupima palipovimba, na kosa halibaki dogo, kwa sababu uzito wa mti hupanda kwa kasi kuliko kipenyo chake. Ukiandika kipenyo kikubwa kuliko kilivyo kwa sehemu ya kumi, uzito utakaoandika utazidi kwa zaidi ya sehemu ya tano. Mkaguzi akirudia mraba huohuo, hesabu yote inaanguka.

Shamba moja la mikoko lililopandwa Gazi lilipimwa likiwa na miaka 12. Miti ilikuwa na urefu wa wastani wa mita 8.4 na kipenyo cha sentimita 6.2, yaani ndiyo kwanza imefikia pau. Ilikuwa takriban miti 5,100 kwa hekta. Ukipanda kwa nafasi ya mita moja kwa moja, hekta moja huchukua miche 10,000. Namba hizi nazipenda kwa sababu zinafundisha uvumilivu na zinanyamazisha majigambo ya kuhesabu miche iliyopandwa siku ya sherehe.

Kutoka vipimo hivyo hupatikana hati za kaboni. Hati moja ni sawa na tani moja ya hewa ukaa iliyozuiwa au iliyofyonzwa, na Gazi hutoa karibu tani 3,000 kwa mwaka chini ya kanuni za Plan Vivo, taasisi yenye makao Scotland. Wanavijiji hawauzi moja kwa moja. Shirika lisilo la faida liitwalo ACES, lililosajiliwa hukohuko Scotland, huwatafutia wanunuzi, na kanuni zinataka angalau asilimia 60 ya mapato irudi kwa jamii. Miaka ya mwanzo mauzo yalikuwa kama dola 12,000 hadi 15,000 kwa mwaka. Si utajiri. Lakini wanavijiji hukaa na kuamua zifanye nini, na zimelipia maji safi, vitabu vya shule na ukarabati wa majengo ya shule. Mama anayechota maji bombani hahitaji kuelezwa kaboni ni nini ili aone faida ya mkoko.

Mikoko ya Kenya ni mali ya serikali, na hili huangusha vikundi vingi. Kuishi kando yake hakukupi haki ya kuuza chochote kinachotokana nayo. Sheria ya misitu ya 2005, na iliyofuata ya 2016, iliruhusu wanavijiji kuunda jumuiya ya uhifadhi wa msitu na kutia sahihi mkataba wa usimamizi wa pamoja na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya. Bila mkataba huo hakuna hati ya kaboni inayoweza kusimama. Mpango wa usimamizi lazima uandikwe kwanza, ramani ichorwe na mipaka ikubalike. Ni kazi ya miaka, na mwenye haraka atakata tamaa.

Upandaji nao una mitego yake. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, ikaning'inia kama fimbo ya kijani. Iliyokomaa huonyesha pete ya rangi ya manjano pale inapokutana na tunda. Ukiichuma kabla ya pete, itaoza topeni. Huchomekwa wima, ncha iliyochongoka chini, kiasi cha theluthi ya urefu wake. Ukiishindilia zaidi ya hapo inakosa hewa. Ukiiacha juu juu, maji ya bamvua yataing'oa. Kaa hutafuna changa, na mbegu iliyoachwa kivulini siku chache mpaka ilegee kidogo hawaipendi sana. Mchu ni tofauti, mbegu yake ni ndogo na hufanya vizuri zaidi ikianzishwa kitaluni kwenye vifuko.

Kosa kubwa kuliko yote ni kupanda mti mahali pasipo pake. Mlilana hukaa mbele, panapopigwa na bahari. Mkoko hufuata kwenye tope laini, mkandaa hupenda nyuma ambako maji hufika kwa uchache, na mchu huweza kukaa pande zote mbili, mbele na nyuma kabisa. Wafadhili hupenda kupanda mkoko kwenye fungu tupu la mchanga mbele ya bahari kwa kuwa panapigika picha nzuri. Mawimbi huichukua miche yote msimu wa kusi. Kama mahali hapakuwahi kuwa na mikoko, pana sababu. Na palipokuwa na mikoko ikatoweka, itafutwe kwanza sababu: mkondo wa maji umezibwa? Mchanga umeingia? Mara nyingi ukifungua mkondo, mbegu huja zenyewe.

Kuna tatizo jingine ambalo wakaguzi huliuliza mapema: ukiwazuia watu kukata hapa, wataenda kukata wapi? Mahitaji ya fito na kuni hayafi kwa sababu msitu umewekewa mlinzi. Yakihamia kijiji jirani, hakuna kilichookolewa. Gazi walipanda mvinje nchi kavu. Mvinje hukua haraka, baada ya miaka mitano hivi hutoa miti ya kujengea, na kuni zake ni nzuri. Naliona hili kuwa jambo lenye busara kuliko yote katika mradi ule, ingawa wageni wakija hupelekwa mikokoni na mvinje hupitwa njiani.

Tuzo ya Ikweta sasa. Kikundi kinachoomba kinatakiwa kiwe cha wenyeji na kiwe kimefanya kazi kwa miaka mitatu au zaidi, na kinaweza kujipendekeza chenyewe bila kusubiri mkubwa wa kukitaja. Waamuzi huuliza mazingira yamebadilika vipi, maisha ya watu yamebadilika vipi, wanawake na wanyonge wana sauti gani, je, kazi itaendelea mfadhili akiondoka, na je, wengine wanaweza kuiga. Tazama jinsi maswali hayo yanavyojibiwa na madaftari ambayo kikundi kinapaswa kuwa nayo hata kama tuzo isingekuwepo: daftari la doria lenye tarehe na kilichoonekana, mihtasari ya mikutano yenye majina ya waliohudhuria, wanaume na wanawake, hesabu za fedha zilizobandikwa mahali pa wazi, na picha za mahali pamoja zilizopigwa kila mwaka kutoka pembe ileile. Kikundi kinachoandika maombi kwa wiki mbili bila madaftari hayo huishia kujaza maneno matamu. Washindi wa 2017 walipata dola 10,000 kila kimoja, chini ya mauzo ya mwaka mmoja ya Gazi, kwa hiyo anayeomba kwa ajili ya fedha amepiga hesabu vibaya. Faida yake ni kwamba ofisi za serikali na wanunuzi hufungua mlango kwa kikundi kilichokwisha kupimwa na wengine.

Mfano huo umeshaigwa kusini zaidi, karibu na mpaka wa Tanzania, ambako vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vinasimamia hekta 460 za mikoko kwa mpango wa namna hiyohiyo. Ni karibu mara nne ya Gazi. Msitu wa pale unaendelea upande wa pili wa mpaka, kwa hiyo swali la wakataji kuhamia ng'ambo, ambalo Gazi walilijibu kwa mvinje, huko lina nchi mbili za kulijibu.