Nyaraka za sheria ya uavyaji mimba: ziombe, ni haki yako

Tangu kura ya maamuzi ya 4 Agosti 2010 iliyopitisha Katiba mpya ya Kenya, baraza za Mombasa hazijakosa mtu anayeapa kuwa anajua Katiba inasema nini kuhusu kuavya mimba. Huyu anasema imeruhusiwa, yule anasema ni haramu moja kwa moja. Kifungu cha 26 kinasema hairuhusiwi, ila pale mtaalamu wa afya aliyehitimu anapoona pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu. Na Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa mkoloni bado ina vifungu vya 158 hadi 160, vyenye vifungo vya hadi miaka 14. Ugomvi wote umo hapo katikati, na mengi ya yanayogombaniwa yameandikwa kwenye karatasi zilizoko ofisi za serikali.

Baadhi ya karatasi hizo hazihitaji ombi. Kumbukumbu za Bunge, Gazeti Rasmi na hukumu za mahakama husomwa bure kwenye intaneti. Kazi ni zile zilizolala masijala: barua za ndani, kumbukumbu za vikao, nyaraka za maagizo. Mfano mzuri ni mwongozo uliotolewa na wizara ya afya mwaka 2012 kuhusu kupunguza vifo na madhara ya uavyaji usio salama. Desemba 2013 uliondolewa kwa barua, na Februari 2014 ukafuata waraka uliowakataza wahudumu wa afya kuhudhuria mafunzo ya uavyaji salama. Barua moja, waraka mmoja, na hospitali nchi nzima zikabadili mwendo. Majaji 5 wa Mahakama Kuu waliamua Juni 2019 kwamba hatua hizo zilikuwa kinyume cha sheria, lakini kesi ilikuwa imefunguliwa tangu 2015. Karatasi za namna hiyo ndizo mwananchi anazopaswa kuziulizia mapema, awe anaunga mkono uavyaji au anaupinga. Imamu wa Kisauni na mchungaji wa Likoni wana haki ile ile aliyo nayo wakili wa haki za wanawake.

Haki hiyo imo katika Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika husema kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kumwandikia. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala. Wala hulazimiki kueleza unazitakia nini. Afisa akikuuliza kwa ukali, mjibu kwa adabu kwamba sheria inasema sababu zako hazipunguzi haki yako.

Maombi mengi tunayoyaona kwenye dawati letu huanguka kwa sababu ya upana. Ukiandika “naomba habari zote za uavyaji mimba” utazungushwa hadi uchoke. Andika hivi: “Naomba nakala ya barua ya Desemba 2013 iliyoondoa mwongozo wa 2012, na kumbukumbu za vikao vilivyojadili kuondolewa kwake.” Taja waraka, taja mwaka. Sera za taifa ziulize wizarani Nairobi. Takwimu za hospitali za hapa ziulize idara ya afya ya kaunti. Ukikosea mlango, ofisi uliyoiandikia yafaa ilipeleke ombi panapohusika ndani ya siku 5.

Utakataliwa baadhi ya vitu, na kuna kukataliwa kwa haki. Faili la mgonjwa ni siri yake, na mimi mwenyewe singependa afisa yeyote alegeze hapo. Omba idadi, usiombe majina. Sababu nyingine utakayoisikia ni kwamba jambo bado linajadiliwa. Sheria inaitambua, lakini kwa suala ambalo uamuzi wake wa mwisho haujatolewa. Waraka uliokwisha kutumwa hospitalini hauwezi kuitwa mjadala. Hata pale sababu ya kukataa inapokubalika kisheria, manufaa ya umma yakizidi madhara, habari zaweza kuamriwa zitolewe.

Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, na kama habari inagusa uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Ofisi yaweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 14. Kimya kikipita muda huo, kisheria umekataliwa, na una siku 30 za kuomba mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana zaidi kama Ombudsman, ambayo ina ofisi hapa Mombasa. Usiende mikono mitupu: chukua nakala ya ombi lako yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Wasipokupigia muhuri, tuma kwa barua pepe siku hiyo hiyo.