Shokapu Isiyovuja Si Lazima Iwe Nzima

Waendeshaji wengi wa baiskeli za milimani huamini kwamba shokapu ya nyuma isiyovuja mafuta haina haja ya kufunguliwa. Imani hiyo ina kasoro, kwa sababu mafuta yaliyomo huchakaa, na yanaweza kuchanganyika na hewa ndani kwa ndani muda mrefu kabla tone la kwanza halijaonekana kwenye shafti. Ukiikandamiza kwa uzito wa mwili ikatoa mlio wa kububujika, au ukizungusha kitufe cha kudhibiti kasi ya shokapu kurudi baada ya kubanwa, ambacho kwa kawaida ni chekundu, usione tofauti yoyote, basi ndani kuna tatizo hata kama nje inang'aa.

RockShox, kampuni inayotengeneza shokapu, kwa mfano, hupendekeza chumba cha hewa, yaani sehemu ya shokapu ambayo hewa yake hufanya kazi ya springi, kihudumiwe kila baada ya saa 50 za kuendesha. Kazi hiyo mtu makini anaweza kuifanya nyumbani, mradi atoe hewa yote kwanza. Upande wenye naitrojeni, ambayo hujazwa kwa shinikizo kubwa, aachiwe fundi mwenye vifaa.

Wapo pia wanaokimbilia kununua mpya, tena yenye mwendo mrefu zaidi, wakidhani watapata starehe zaidi. Shokapu ya milimita 210 kwa 55, yaani urefu wake wote kwa mwendo wake wa kubanwa, huingia vizuri mahali pa ile ya 210 kwa 50, lakini katika baadhi ya fremu gurudumu la nyuma litagonga bomba la kiti inapobanwa hadi mwisho, kwa hiyo vipimo vya mtengenezaji wa fremu ndivyo vya kufuatwa.