Barafu ya bahari: ipi hasa inayomhusu dubu mweupe?

Habari za dubu mweupe siku hizi haziendi bila picha ya ukuta mkubwa wa barafu ukiporomoka majini, na chini yake maelezo kwamba barafu ya Aktiki, eneo la Ncha ya Kaskazini ya dunia, inayeyuka, bahari inapanda, dubu wanakufa. Kila jambo hapo lina ukweli wake. Kuyafunga yote fungu moja ndiko kunakopotosha, na picha yenyewe ndiyo mkosaji wa kwanza.

Barafu ya bahari ni maji ya bahari yaliyoganda. Kwa sababu ya chumvi huganda kwenye nyuzi -1.8 hivi za Selsiasi, kisha huelea juu ya maji yale yale. Iliyoganda msimu mmoja tu huwa na unene wa mita 1 au 2. Maana yake ni hiyo, haina fumbo.

Ule ukuta wa kwenye picha ulianza kama theluji iliyoanguka nchi kavu, tuseme Greenland, ikarundikana na kushindiliwa kwa maelfu ya miaka. Kwa asili yake unakaribiana zaidi na barafu ya kileleni Kilimanjaro kuliko na ile anayotembea juu yake dubu. Ukiingia baharini unaongeza maji ambayo hayakuwamo. Barafu yote ya Greenland ikiisha, bahari za dunia zitapanda mita 7 hivi. Barafu ya bahari inaelea tayari, kama kipande kilichomo kwenye glasi ya juisi. Kikiyeyuka, glasi haifuriki. (Kupungua kwake huchochea joto kwa njia nyingine: weupe wake hurudisha mwanga wa jua, maji meusi huumeza. Lakini hilo ni somo jingine.)

Dubu naye haifuati barafu kwa kupenda baridi. Anafuata sili, mnyama wa baharini anayepumua hewa, ambaye ndiye chakula chake. Sili wadogo wa huko, wenye alama za pete mwilini, hutoboa matundu ya kupumulia kwenye barafu, na majike huzalia ndani ya mapango ya theluji juu yake. Dubu huvizia penye tundu au hubomoa pango. Sehemu kubwa ya mafuta yake ya mwaka mzima huyapata majira ya kuchipua, watoto wa sili wakiwa wanono na bado wajinga. Majini dubu hawezi kuwakamata; ni mwogeleaji hodari, ila sili ni hodari zaidi. Bila barafu hana pa kusimama awinde. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya 1972 inamhesabu pamoja na nyangumi na sili, mnyama wa baharini, japo ana miguu minne na manyoya.

Tena si barafu yoyote ya bahari. Iliyo juu ya vilindi vya katikati ya Aktiki ina sili wachache. Yenye chakula ni ile iliyo juu ya maji ya kina kifupi, karibu na pwani. Kusini mwa Bahari ya Beaufort, kaskazini mwa Alaska, barafu ya kiangazi imekuwa ikirudi nyuma hadi vilindini, na idadi ya dubu ilishuka kwa takriban asilimia 40 kati ya 2001 na 2010. Jirani zao wa Bahari ya Chukchi, penye eneo pana la kina kifupi, waliendelea kunona. Kwa hiyo mtu akikwambia tu kwamba barafu imepungua, kuhusu dubu bado hajakueleza kitu.

Kuna na wabishi: mbona barafu imerudi mwaka huu? Itarudi, ndiyo kawaida yake. Ghuba ya Hudson nchini Kanada huyeyuka yote kila kiangazi na kuanza kuganda tena mnamo Novemba. Katikati hapo dubu wa upande wa magharibi, karibu na mji wa Churchill, hukaa nchi kavu karibu bila kula, wakipoteza kama kilo 1 kwa siku. Wamezoea kufunga. Tatizo ni urefu wa mfungo, ambao sasa umezidi ule wa miaka ya 1980 kwa takriban wiki 3. Hesabu ya 2016 ilikadiria dubu 842 huko. Ya 2021, 618.

Mwaka 1973 nchi tano zenye dubu hawa zilitia saini mkataba Oslo wa kudhibiti uwindaji, nao ulisaidia, maana adui wa wakati ule alikuwa bunduki. Marekani ilipowaingiza kwenye orodha ya wanyama walio hatarini mwaka 2008, sababu iliyotajwa ilikuwa kupotea kwa barafu ya bahari, na barafu haiwekewi askari wa wanyamapori. Inategemea kiasi cha kaboni dioksidi kinachotoka kwenye mabomba ya magari na viwanda vilivyo mbali kabisa na Aktiki.

Basi ndugu mwandishi, usifute habari yako, itenganishe tu. Ukiandika kuhusu bahari kupanda, weka picha ya Greenland na umwache dubu apumzike. Ukiandika kuhusu dubu, tutajie barafu ya pwani yake iliyeyuka mwezi gani na ikaganda tena lini.