Kibarua anayempenda mwanamume mwenzake hatafuti mwili tu

Nimeambiwa tena, safari hii na mshauri nasaha mwenzangu, kwamba mashoga wa tabaka la wafanyakazi hawana haja ya mapenzi, bali hutafuta mwili na wakishaupata huondoka. Nimechoka kuisikia kauli hii. Wanaume ninaowasikiliza hutamani mtu wa kuwangoja watokapo kazini.

Kwamba hali yao si ugonjwa sitalijadili; Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga katika orodha yake ya magonjwa mwaka 1990. Linaloniudhi ni kuchanganya aina mbili za upweke ambazo mwanasosholojia Robert Weiss alizitenganisha mwaka 1973: ule wa kijamii, yaani kukosa kundi, na ule wa kihisia, yaani kukosa mtu mmoja wa karibu. Mpakia mizigo anayeshinda na wenzake tangu alfajiri, akala nao na kulala nao chumba kimoja, hajakosa kundi. Amekosa yule mmoja, na kundi hilo hilo ndilo linalomzuia kumpata, kwa kuwa wakimshuku huenda asiitwe tena kazini. Hana mlango wa kufunga, na hata simu yake hushikwa na wengine. Mwenye kipato hukodi nyumba ya peke yake au huhamia asikojulikana; huyu hubakiwa na nusu saa gizani na mtu asiyemjua, kisha sisi wataalamu tunaitazama nusu saa hiyo na kudai kwamba ndiyo haja yake yote. Wapo walionieleza kwamba humo humo waliuliza jina, wakanyimwa.

Weiss alishikilia kwamba urafiki hauzibi pengo la mpenzi. Kwa sehemu nakubali, lakini nimeona mtu akianza kupata usingizi baada ya rafiki mmoja tu kuijua siri yake. Mtafiti wa afya ya akili ya mashoga, Ilan Meyer, naye mwaka 2003 alitenganisha ubaguzi unaomfika mtu na aibu aliyoimeza mwenyewe. Mtu anaponiambia kwamba hakuna atakayempenda, mara nyingi nashindwa kujua ni kipi kati ya hivyo viwili kinachosema.

Kwa hiyo simhimizi yeyote ajitangaze. Ushauri huo, ambao wenye mishahara ya uhakika huutoa kwa wepesi, unaweza kumpotezea kazi na malazi kwa siku moja. Mimi huanza kwa kumuuliza ni nani anayemwamini, na ni wapi wanaweza kuketi wawili bila kuharakishwa.